Bei ya Kutua

Wapo watakaouliza nchi ya Angania iko wapi, na wapo watakaouliza Semeni Mwinjuma alifikaje huko. Wa kwanza wakatafute ramani. Wa pili waelewe kwamba aliyefika amefika, na kwamba maswali ya namna hiyo huulizwa na walimu wa jiografia peke yao, tena baada ya chakula cha mchana, watu wakiwa wamesinzia.

Itoshe kusema kwamba Semeni alikuwa msichana wa kidato cha tano, na kwamba alikuwa katika mapumziko ambayo hakuyaomba bali alipewa na mkuu wa shule, kwa sababu ambayo mbuzi wa mkuu wa shule ndiye angeweza kuieleza vizuri zaidi.

Angania ni nchi ya milima miwili, Gongwe na Sheluka, na katikati yake ni bonde lililojaa upupu. Si upupu wa kumwekea mwenzio kwenye shuka bwenini. Ni upupu mzee, uliokomaa, wenye uzoefu. Anayelivuka bonde kwa miguu hufika, hilo halikanushwi na mtu, lakini hufika akijikuna, na huendelea kujikuna mpaka wajukuu zake wakamzoea. Kwa hiyo Waangania husafiri kwa anga. Korongo wanne, kila mmoja mkubwa kama mtamba, hufungwa kamba kwenye tenga moja, abiria wakaketi ndani ya tenga kama nyanya zinazokwenda sokoni, na korongo wakaruka.

Semeni alipofika kwenye kiwanja cha Gongwe alikuta foleni, na kwa kuwa alilelewa kwenye foleni alisimama mwisho bila kuuliza ni ya nini. Mbele yake alisimama Bi Kidawa, mama wa makamo mwenye kikapu cha ukili, na mbele ya Bi Kidawa alisimama Ngwale, mfanyabiashara wa nyanya, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Semeni akauliza kwa adabu ni nani anayesimamia vyombo hivi, serikali au wenye makampuni.

Watu wa foleni wakaguna. Baadhi wakakaa chini kabisa, kama watu wanaojua kwamba hotuba imeanza.

"Zamani, mwanangu," alisema Ngwale, "serikali ilisimamia kila kitu. Nauli, saa ya kuondoka, unene wa kamba, hata abiria atazame upande gani. Tenga haliruki mpaka ombi lake litiwe muhuri. Na muhuri uko wapi? Uko Sheluka, ng'ambo. Na ombi liende Sheluka kwa njia gani? Kwa tenga!"

"Na hakuanguka mtu," alisema Bi Kidawa.

"Angeangukaje, dada yangu, na hakupaa mtu?"

"Hakuanguka mtu," alirudia Bi Kidawa, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha shinda kesi.

"Nyanya zangu zilioza papa hapa, nilipokanyaga. Zikaota. Nikavuna, na hizo nazo zikaoza."

"Usimsikilize, mwanangu. Wenzake ndio waliopiga kelele za uhuru wa anga mpaka wizara ikafungwa. Basi, kila mwenye ndege akawa na kampuni. Watu walifunga kunguru. Walifunga bata. Bata, nakwambia! Marehemu mume wangu alipanda tenga la bata, na kiongozi wao alikuwa jogoo."

Semeni alijiuma midomo kwa nguvu zote alizojifunza shuleni.

"Nauli ilikuwa rahisi lakini," alisema Ngwale, huku akitazama vidole vya miguu yake.

"Ilikuwa rahisi sana. Alianguka katikati ya upupu. Tulimzika tunajikuna, waliokuwa mbali wakadhani tunacheza ngoma."

"Mungu amrehemu," alisema Ngwale, na akasema kwa dhati.

"Amina. Lakini jogoo!"

Baada ya majanga hayo mawili, Baraza la Angania lilikaa kutafuta suluhu itakayowaridhisha wote. Lilikaa muda mrefu, likala vizuri, na mwishowe likatoa hukumu ambayo husomwa mashuleni hadi leo: safari ikatwe vipande viwili, kama muwa. Kupaa kuwe kwa serikali. Kutua kuwe kwa kampuni. Wapenda sheria walishangilia, wapenda uhuru walishangilia, na siku hiyo ikatangazwa kuwa sikukuu. Hakuna aliyeuliza kama inawezekana kupaa bila kutua, kwa sababu siku ya sikukuu si siku ya maswali.

Ili kuwatendea haki Waangania, lazima isemwe kwamba upande wa kupaa ulikuwa safi. Mkaguzi wa serikali aliwakagua korongo mmoja mmoja, akawafunua mabawa, akawanusa midomo. Alivuta kila kamba kwa uzito wa mwili wake wote. Alimpima kila abiria na kumpangia mahali pa kukaa ili tenga lisilale upande. Semeni hakuwahi kuona kazi iliyofanywa kwa uangalifu kama ule, isipokuwa siku ya nyama, kiranja wa bwalo anapogawa minofu. Na nauli ya kupaa, kwa mujibu wa sheria, ilikuwa ni kusema ahsante.

Wakasema ahsante, wakapaa.

Ndani ya tenga abiria walikuwa wanne: Semeni, Bi Kidawa, Ngwale, na kijana mmoja aitwaye Mashombo, aliyevaa kanzu nyeupe, koti la mkopo na tabasamu lililofika masikioni. Alikuwa anakwenda kuoa. Alimweleza Semeni hivyo kabla hajaulizwa, kisha akamweleza Bi Kidawa, kisha akawaeleza korongo. Mchumba wake aliitwa Tunu, wa Sheluka. Walipendana tangu msimu wa mahindi uliopita, kwa kupungiana mikono kutoka mlima hadi mlima.

"Na ndoa ni saa ngapi?" aliuliza Semeni.

"Jua likigusa ukingo wa mlima, ngoma ya tatu inapigwa. Nikiwa nimetua, naoa mimi. Nikiwa sijatua, anaoa Fumbwe."

"Fumbwe ni nani?"

"Bwana harusi wa akiba," alisema Mashombo, kama mtu anayetaja jambo la kawaida kama tairi.

Na kweli lilikuwa jambo la kawaida. Kwa kuwa abiria wengi wa Angania hukwama angani, kila shughuli ya nchi hiyo ina watu wa akiba. Kuna mashahidi wa akiba, na waombolezaji wa akiba wanaomlilia marehemu wasiyemjua kwa moyo mmoja. Fumbwe alikuwa kijana wa heshima, mwenye meno mazuri, na hakuna aliyeweza kukumbuka jambo jingine lolote juu yake.

Walipofika juu ya Sheluka, korongo waliacha kusonga mbele, wakaanza kuzunguka. Hapo akasimama Bwana Sheshe.

Bwana Sheshe alikuwa mtu wa kampuni, na muda wote alikuwa amekaa kwenye pembe ya tenga amefunika uso kwa kofia. Kazi yake iliitwa mtazama nyuso. Kwa maana kampuni, baada ya kupewa uhuru wa kutua, ilifikiri sana juu ya bei ya haki, ikaona kwamba bei moja kwa watu wote ni dhuluma. Mwenye haja kubwa ya kutua anafaidi zaidi kuliko mwenye haja ndogo. Basi alipe zaidi. Na haja ya mtu inaonekana wapi kama si usoni?

Mara Semeni akaona jambo la ajabu. Uso wa Bi Kidawa ulizimika kama koroboi. Ngwale alilegeza midomo, akaachia macho yakatangatanga, akawa kama mtu aliyesahau kwamba amezaliwa. Waangania huuita uso wa kutua, na akina mama huwafundisha watoto wao kabla hawajafundishwa kutembea.

Bwana Sheshe alimtazama Ngwale kwa muda mrefu. "Nyanya moja," alisema kwa huzuni.

Akamtazama Bi Kidawa. "Leso."

Akamgeukia Semeni. Sasa, Semeni alikuwa amesimama mara nyingi mbele ya mwalimu wa zamu anayetafuta nani aliyecheka wakati wa sala, na yeye mwenyewe ndiye aliyecheka. Bwana Sheshe alitafuta katika uso ule, akazunguka upande wa pili, akatafuta tena, hakuona hata dalili ya kuwamo mtu.

"Wewe toa chochote," alisema. Semeni akampa kifungo.

Kisha akafika kwa Mashombo, na Bwana Sheshe naye akatabasamu.

"Shamba la migomba," alisema.

"Shamba gani?"

"Unalo. Unaonekana unalo."

Mashombo alikuwa nalo kweli. Alilirithi kwa babu yake, na huko ndiko yeye na Tunu wangejenga na kuishi. "Nikikupa shamba, nitaoa halafu nikaishi wapi?"

"Sikulazimishi, ndugu yangu. Hili ni soko huria. Usipotaka kutua, usitue."

"Punguza kidogo basi, mjomba."

"Kwa uso huo? Kwa uso huo ningekudai na mbolea."

Kwa kuwa tenga haliwezi kutua nusu, wote walibaki angani, wakizunguka. Chini waliona kiwanja, watu wa harusi wamevaa rangi zote, na masufuria makubwa yamepangwa kando. Ngoma ya kwanza ikalia.

"Unaona?" Bi Kidawa alimgeukia Ngwale. "Huo ndio uhuru wako. Mtu ananyang'anywa shamba hadharani, na sheria inatazama kwa sababu si zamu yake."

"Na sheria yako ingemfikisha? Angekuwa bado yuko Gongwe anasubiri muhuri, ndevu zimemfika magotini."

"Afadhali ndevu kuliko kukosa shamba!"

"Afadhali ipi, muulize Tunu!"

"Shikamooni," alisema Semeni.

Wakageuka wote wawili, kwa mshangao. "Marahaba," walisema.

"Naomba nafasi kidogo nimfundishe bwana harusi."

Akakaa mbele ya Mashombo, magoti kwa magoti. "Kaka, nifuate. Fikiria maharage."

"Maharage gani?"

"Ya shule. Jumatatu maharage. Jumanne maharage. Jumatano ni maharage yaliyobaki Jumanne. Alhamisi wadudu wa kwenye maharage wamekwisha zoeana na wewe. Jumapili, kwa heshima ya Mungu, kuna kipande cha kitunguu, lakini kinamwangukia mwenzio."

Tabasamu la Mashombo liliteremka kutoka masikioni hadi mashavuni.

"Umekaa bwaloni. Mvua inanyesha. Baada ya hapo kuna hesabu. Baada ya hesabu kuna maharage."

"Nusu ya shamba," alisema Bwana Sheshe, kwa wasiwasi.

"Endelea," alinong'ona Ngwale. "Endelea, mwanangu, bei inashuka."

"Likizo imeahirishwa. Mama ameandika kwamba hawezi kuja siku ya wazazi. Amemtuma mjomba wako. Mjomba amekuja na maharage."

Macho ya Mashombo yalikufa. Midomo ikaning'inia. Ilikuwa kazi nzuri, na Semeni mwenyewe aliitazama kwa fahari ya mwalimu.

"Mkungu mmoja," alisema Bwana Sheshe. "La. Ndizi. Ndizi moja, tena hata ikiwa mbovu." Akapiga mluzi, korongo wakaanza kuteremka, na ngoma ya pili ikalia.

Chini, Tunu alikuwa amesimama mbele ya watu, mikono ina hina, shingo ndefu kwa kutazama juu tangu asubuhi. Tenga lilishuka mpaka likawa kimo cha minazi miwili, kisha mmoja, na hapo ndipo Tunu alipouona uso wa Mashombo.

Watu wa Sheluka wanaujua uso wa kutua, wamezaliwa nao. Lakini kujua ni jambo moja, na kuuona usoni mwa mchumba wako, siku ya harusi yako, ni jambo jingine.

"Mashombo!" aliita Tunu. "Unakuja kuoa au unakuja kung'olewa jino?"

"Nakuja kuoa," alijibu Mashombo bila kutikisa midomo.

"Kwa uso huo?"

"Huu ndio wa bei nafuu."

Hata Fumbwe, aliyekuwa amesimama kando na kanzu yake ya akiba, aliinamisha kichwa.

"Mimi sikuposwa na uso wa bei nafuu," alisema Tunu, na sauti yake ilianza kukatika mwishoni. "Kama ndivyo unavyonijia, rudi Gongwe. Fumbwe walau ananitazama kama mtu."

Semeni alimwona Mashombo anavyopigana. Shamba lilikuwa upande mmoja wa uso wake na Tunu upande wa pili. Alipigana kwa muda wa kumeza mate mara moja. Kisha yale maharage yote yakamtoka, na tabasamu likarudi, kubwa kuliko la kwanza, na machozi ndani yake.

"Tunu!" alipiga kelele. "Nimesalimia korongo! Nimewaambia jina lako!"

"Shamba!" alipiga kelele Bwana Sheshe kwa furaha. "Shamba, na koti!" Akapiga mluzi, na tenga likavutwa juu tena.

Lakini Tunu alikuwa ameliona lile tabasamu. Alimwambia mpiga ngoma, "Ukigusa hiyo ngoma kabla ya wakati wake nitakuvalisha hiyo ngozi." Jua lilikuwa limebakiza kipande kama upana wa kiganja kufika ukingoni.

Angani, Mashombo alikwisha fungua kinywa kutoa shamba. Semeni akamkanyaga mguu. Alikuwa ameona kitu. Upepo ulikuwa unapanda kutoka kiwanjani, na kila ulipopanda, pua ya Bwana Sheshe ilisogea kidogo upande wa masufuria, peke yake, bila ruhusa.

"Shikamoo, Bwana Sheshe," alisema Semeni. "Na wewe unataka kutua?"

"Mimi niko kazini."

"Najua. Nauliza tu kama unataka. Umekula lini?"

Bwana Sheshe alichungulia masufuria, akalamba midomo. Semeni akamsogelea, akamtazama uso kama yeye alivyowatazama wao: kwa karibu, kwa pole, kichwa upande.

Ngwale alikuwa mfanyabiashara. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Abiria wenzangu," alisema, akiketi na kunyoosha miguu, "mimi naona hapa juu pana hewa nzuri. Sina haraka ya kutua. Kuna mwenye haraka?"

"Mimi?" alisema Bi Kidawa. Akatoa ukili kikapuni, akaanza kusuka kwa raha ya mtu mwenye mwezi mzima mbele yake.

"Lakini huyu anataka!" Bwana Sheshe alimwonyesha Mashombo.

"Anataka," alikubali Ngwale, "ila hana haki ya kutua bila sisi, na sisi tumeghairi. Sikulazimishi, ndugu yangu. Ni soko huria."

Semeni aliinama ukingoni. "Dada Tunu!" aliita. "Hicho kinachonukia ni nini?"

Tunu alitazama juu, akawaona watu watatu waliokufa nyuso, mmoja anayemeremeta, na mmoja anayelamba midomo. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili yeye pia. Aliwageukia wapishi. "Funueni sufuria! Zote! Na mchukue zile sinia mpepee!"

Pilau likapanda angani. Kwanza iliki, kisha mdalasini, kisha karafuu, na nyuma yao, taratibu, kwa mwendo wa mtu mwenye cheo, mafuta ya nyama ya mbuzi.

"Nusu ya shamba," alisema Bwana Sheshe, kwa sauti nyembamba.

Bi Kidawa alipunguza mwendo wa kusuka.

"Mkungu. Ndizi. Bure! Nimesema bure, mnataka nini tena?"

"Sasa tuzungumze bei yetu sisi," alisema Ngwale kwa upole. "Rudisha nyanya yangu, leso ya mama huyu, na kifungo cha mtoto."

Vikarudishwa.

"Na mimi," alisema Bi Kidawa bila kuinua macho, "nataka bei ya kutua ichorwe kwa rangi ubavuni mwa tenga hili, mtu aione akiwa bado yuko Gongwe, miguu yake iko chini. Moja kwa wote. Usalama serikali inatupimia vizuri, na hili nalo ilipime."

"Hiyo ni kazi ya serikali, mama, si yangu!"

"Ehee," alisema Bi Kidawa. "Ndivyo nisemavyo siku zote. Apa."

Bwana Sheshe akaapa, kwa jina la mama yake na la kampuni, akapiga mluzi mpaka korongo wakashtuka. Walitua kwa kishindo, tenga likapinduka, na Mashombo akatoka kwa magoti, akafika mbele ya Tunu wakati ngoma ya tatu inainuliwa. Fumbwe ndiye aliyeshangilia kuwashinda wote, kwa sababu bwana harusi wa akiba haruhusiwi kuonja kitu mpaka ijulikane nani anaoa, naye alikuwa na njaa kuliko Bwana Sheshe.

Ndoa ikafungwa. Bi Kidawa na Ngwale waliketi kwenye sinia moja, na kila mmoja alimweleza Semeni kwamba yaliyotokea yamethibitisha maneno yake.

"Bila masharti tungekuwa tunazunguka mpaka sasa," alisema Bi Kidawa.

"Masharti yapi? Ni njaa dhidi ya njaa. Hiyo ndiyo biashara."

"Kula, Ngwale."

"Nakula. Nipitishie pilipili."

Baraza la Angania lilipopata habari liliketi kwa dharura na kupitisha sheria mbili. Ya kwanza iliamuru bei ya kutua ichorwe ubavuni mwa kila tenga kabla halijapaa. Ya pili, iliyoombwa na makampuni, ilipiga marufuku kufunua sufuria karibu na kiwanja, na mkaguzi wa mifuniko aliteuliwa siku hiyo hiyo. Wapenda sheria walishangilia, wapenda uhuru walishangilia, na Waangania wakapata sikukuu nyingine.

Lakini hayo yalikuwa bado hayajaja. Jioni ile, Tunu alimsogelea mumewe sikioni na kumwomba amwonyeshe tena ule uso wa bei nafuu, kidogo tu, apate kucheka. Mashombo alikaa sawa. Akafumba macho, akafikiria maharage, akayafikiria ya Jumatatu mpaka Jumapili. Alijaribu tena na tena mbele ya wageni wote, na kila mara ulipoanza kuja, alimtazama Tunu, ukamponyoka.